Kuku wa Kwenye Karatasi

Kazi ya Kamene ilikuwa kuvunja mayai. Ukimwambia mtu leo kwamba mama mzima alilipwa kwa kuvunja mayai atacheka, lakini pale Thika, kwenye kiwanda cha biskuti za Kifaranga, haikuwa kazi ya mchezo. Mayai yalikuja asubuhi kwa baiskeli na mikokoteni, yamelazwa juu ya nyasi kavu ndani ya masanduku. Kila yai lilipasuliwa peke yake kwenye kikombe cha bati, likanuswa, ndipo likamiminwa kwenye ndoo. Yai viza moja likipita, unga wa siku nzima umeharibika. Kamene alikuwa na pua ya kazi hiyo. Hata mwenye kiwanda, mzee mmoja wa kizungu mwenye kikohozi kisichoisha, alipita nyuma yake bila kusema neno, na kwa mzee yule kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu.

Alikuwa Mkamba wa upande wa Ngoliba, kwenye nchi kavu ya mkonge. Mumewe Munyao alikufa kwa homa akimwachia mtoto mmoja mchanga, Kilonzo. Kabla ya kupata kazi kiwandani alichuma kahawa kwenye shamba la mzungu huko Ruiru, na huko ndiko alikokutana na Nyawira, Mkikuyu mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi kwenye matawi. Kamene alipolazwa na malaria na maziwa yake yakakauka, Nyawira, aliyekuwa naye ananyonyesha, alimchukua Kilonzo bila kuombwa. Titi moja likawa la mwanawe, la pili likawa la mtoto wa rafiki yake. Mambo kama hayo hayana malipo. Kamene hakujaribu kuyalipa; aliyabeba tu moyoni.

Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari dhidi ya Wakikuyu walioasi. Mume wa Nyawira akachukuliwa kwa lori na hakuna aliyejua kambi gani. Nyumba za Wakikuyu zikabomolewa, watu wakasukumwa kwenye vijiji vipya vilivyozungukwa na handaki na miti iliyochongwa ncha. Nyawira akaangukia kijiji kimoja upande wa Kiuu. Kwenda kumtazama kulihitaji karatasi ya chifu, na karatasi hiyo haikupatikana kwa kuomba mara moja. Mwaka mzima ukapita wawili hao hawajaonana.

Katikati ya mwaka huo, yule mzee wa kikohozi aliuza kiwanda akarudi kwao. Akaja Bwana Hollis, kijana, mwenye soksi ndefu nyeupe na haraka ya mtu anayefukuzwa. Asubuhi moja wauza mayai walifika langoni wakaambiwa warudi. Walidhani ni mzaha. Mama mmoja aliyetoka mbali alikaa chini na sanduku lake mpaka jua likapanda, akingoja mtu mwenye akili atoke ndani.

Ndani kulikuwa na makopo. Siagi ilitolewa, yakaletwa mafuta meupe ndani ya madebe, magumu kama mshumaa. Maziwa yalitolewa, ikaletwa chupa ya rangi ya kahawia; matone mawili tu na chumba kizima kilinukia kama keki ya arusi. Na mahali pa mayai ikaletwa poda. Nzioka, mwenzake Kamene kutoka Machakos aliyekuwa akiendesha mashine ya kukandia, alitia kijiko kimoja cha poda hiyo na pipa zima la unga likageuka njano, njano kuliko kiini cha yai la kuku yeyote ambaye Kamene aliwahi kumwona. Baada ya wiki chache viganja vya Nzioka viligeuka njano pia. Alivisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu. Jumapili alikwenda navyo kanisani hivyo hivyo.

Kamene alihamishiwa kwenye meza ya kufunga pakiti. Hapo ndipo alipoiona karatasi mpya. Juu yake kulikuwa na kuku mwekundu amekaa kwenye kiota, mayai yamemzunguka, na pembeni bilauri ya maziwa inayofurika. Aliitazama karatasi ile mpaka nyapara akamsogelea.

Nyapara alikuwa Zacharia. Mtu mzima, mzee wa kanisa, msomaji mzuri, mwenye sauti ambayo ungetamani ikusomee barua ya habari njema.

"Imeandikwa nini hapa?" Kamene alimuuliza.

"Biskuti moja, nguvu ya yai moja," Zacharia alisoma, akitabasamu kidogo. "Maneno mazuri, sivyo?"

"Mayai yako wapi?"

"Mama Kilonzo, hiyo ni picha. Sabuni ina picha ya maua. Umeona maua ndani ya sabuni?"

"Sabuni hailiwi, Zacharia."

"Funga pakiti," alisema, bila ukali, akaendelea na shughuli zake.

Akafunga. Tuseme ukweli: alikuwa na mtoto na mama mkwe wa kulisha kule Ngoliba, na wanawake wenye kazi ya mshahara Thika nzima walikuwa wa kuhesabika. Alifunga pakiti hizo na hasira yake ikakaa kooni kama mfupa wa samaki. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba biskuti hizi mpya zilinukia vizuri kuliko zile za kwanza.

Siku aliyopata karatasi ya chifu alipanda gari la moshi mpaka Ruiru, akatembea hadi kijijini akiwa na mfuko wa maharagwe kichwani. Askari wa lango waliuchomachoma mfuko kwa fimbo kutafuta kitu, wakamwacha apite. Nyumba zilikuwa zimebanana, moshi umelala juu ya mapaa. Nyawira hakuwepo, wanawake wote walikuwa kwenye kazi ya lazima, wakichimba handaki kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Mama yake mzazi, bibi kizee asiyeona vizuri, alikuwa mlangoni na mtoto mapajani.

Mtoto huyo alikuwa Njambi, binti wa Nyawira, wa miaka miwili. Kamene hakumjua, maana mara ya mwisho alimwona akiwa wa kubebwa mgongoni. Alichokiona kilimfanya aweke mfuko chini polepole. Nywele za mtoto zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, laini, zinang'oka. Uso ulikuwa umejaa kama wa mtu aliyelia siku nyingi, miguu imevimba na kung'aa, lakini mikono ya juu ilikuwa vijiti. Hakulia. Kamene alipomgusa shavu hakugeuka hata kutazama ni nani.

Bibi kizee alikuwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu. Alivunja biskuti ndani yake, akaikoroga kwa kidole mpaka ikawa uji wa njano, akamlisha mtoto. Kando ya goti lake karatasi ilikuwa imekunjwa vizuri kama kitu cha kuhifadhiwa. Kuku mwekundu alikuwa juu yake.

Nyawira alirudi na jembe begani, udongo mpaka magotini. Alipomwona Kamene alilia na kucheka kwa pamoja. "Ngai, Mungu wangu! Mama Kilonzo! Umekuja kweli?" Walishikana muda mrefu. Kisha Nyawira akamtazama mwanawe, na uso ukashuka.

"Amevimba. Wengine wanasema ni jicho baya. Lakini mimi sijamnyima kitu, Kamene. Gari la Kifaranga linakuja hapa, chifu amelikubali. Linatuambia kwa kipaza sauti. Nina kuku wawili, mayai yao nampa mchuuzi anapeleka kwa Wazungu Nairobi, na nikipata hiyo pesa nanunua pakiti. Yai moja linanipa biskuti nyingi, na kila biskuti ni yai. Mama haoni, hawezi kukoka moto mchana. Hii haitaki moto. Mtoto anakula mayai manne kwa siku. Manne! Mtoto wa mzungu anakula mangapi?"

Kamene alikaa chini. Alijua njaa ile haikuletwa na biskuti. Ililetwa na handaki, na lori lililobeba baba za watu, na ng'ombe waliotaifishwa, na shamba lililobaki ng'ambo ya miti iliyochongwa. Lakini mtu mwingine alikuwa ameiona njaa hiyo akiwa mbali, akaiona kuwa soko, akaipaka rangi.

"Nyawira," alisema, "hakuna yai ndani yake."

"Unasema nini?"

"Mimi ndiye nilikuwa navunja mayai. Tangu mzungu mpya aje, sijavunja hata moja. Ni unga mweupe na sukari na mafuta na rangi. Hakuna yai. Hakuna maziwa."

Nyawira aliegemea ukuta. Aliposema tena sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua hayamo. Sikujua mnawapa watoto badala ya chakula."

"Nani anafunga hizo pakiti?"

Kamene aliuangalia mfuko wa maharagwe.

"Nakuuliza, nani anafunga?"

"Mimi."

Nyawira aliichukua karatasi iliyokuwa kando ya goti la mama yake, akaitupia pajani mwa Kamene. Hakumtukana. Kamene baadaye alisema afadhali angemtukana.

Nyawira hakupata ruhusa ya kutoka siku hiyo. Karani wa kituo cha askari alimwambia arudi Jumatatu, kana kwamba mtoto ni mzigo unaoweza kukaa stoo. Basi Kamene, ambaye kwa kuwa Mkamba hakufungwa na amri ya kutotoka kijijini bila ruhusa, alimfunga Njambi mgongoni na kumpeleka hospitali ya Thika. Njia nzima alisikia pumzi ya mtoto shingoni mwake, fupi fupi, na alitembea akiongea peke yake. Watu walimpisha wakidhani ana wazimu.

Dresa, msaidizi wa daktari aliyempokea, alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Mnamlisha nini?"

Kamene alimwambia. Dresa, kijana mchovu, alifungua mlango wa wodi akamwonyesha. Walikuwamo watoto wengine, nywele za kutu, nyuso zilizojaa.

"Huyu pia biskuti. Yule pale uji wa mahindi mtupu. Wote ni kitu kimoja: tumbo limejaa, mwili hauna cha kujengea. Anahitaji maziwa, mayai, maharagwe. Ameshiba kila siku, mama, na ameshiba hewa."

Njambi alipewa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo. Kamene alikaa naye usiku ule, na asubuhi hakwenda kazini. Siku ya tatu mtoto alilia, kilio chembamba cha hasira, akasukuma kijiko kwa mkono. Dresa alicheka kwa furaha: mtoto anayekasirika anataka kuishi. Lakini yule wa kitanda cha jirani, mvulana kutoka kijiji kile kile cha Nyawira, hakulia. Mama yake aliletewa ruhusa ya kutoka baada ya mwanawe kuzikwa.

Hapo ule mfupa wa hasira uliokuwa kooni ulimezeka, na ulipofika tumboni ukawaka.

Siku ya soko Kamene alikwenda Ruiru. Gari la Kifaranga lilikuwa limesimama karibu na wauza viazi, limepakwa njano, tarumbeta la kipaza sauti juu ya paa. Zacharia, aliyetumwa kutangaza siku za soko, alikuwa juu yake, koti jeusi, kofia mkononi. Nzioka alikuwa chini akipanga makatoni. Wanawake walikuwa wengi, wengine wamefungua vifundo vya pesa kwenye ncha za leso.

"Akina mama wa Ruiru!" ilinguruma ile sauti nzuri. "Nani hapendi mtoto mwenye nguvu? Biskuti moja, yai moja! Haitaki kuni, haitaki sufuria! Unatia maji, mtoto anakula!"

"Zacharia!" Kamene aliita. "Shuka uniambie mimi!"

Zacharia alimwona. Aliinama ili amnong'oneze, akasahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi.

"Mama Kilonzo, nenda nyumbani, usiniharibie kazi," kilipaza kipaza sauti, na soko zima likasikia mnong'ono huo.

Watu wakacheka. Kisha wakasogea karibu, maana walitaka kujua.

"Waambie yai la mwisho liliingia kiwandani lini."

"Mimi natangaza. Mimi sipiki."

"Unatangaza nini basi, kama hujui kilichopikwa? Unajua! Ulikuwepo wauza mayai walipofukuzwa langoni!" Aligeuka kwa wanawake. "Mimi nafanya kazi huko. Nilikuwa navunja mayai kwa mikono hii. Hakuna yai sasa. Kuna poda ya rangi. Kuku pekee aliye ndani ya pakiti hiyo ni huyu wa kwenye karatasi! Nzioka, waonyeshe mikono yako. Waonyeshe ile rangi inayoingia kwa watoto wao."

Nzioka alimtazama. Alikuwa mtu wa kwao, lugha moja, walikuwa wakila pamoja chakula cha mchana chini ya ukuta wa kiwanda. Polepole aliingiza mikono mfukoni, akatazama chini.

Jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Na kabla hajapata pumzi, mwanamke mmoja mrefu aliyebeba mtoto mgongoni alimjia mpaka karibu.

"Na sisi tuwape nini, wewe Mkamba? Wewe unatoka na kuingia utakavyo. Ng'ombe zetu zilienda. Tunachimba mpaka saa nane. Niambie, nimpe nini huyu? Mawe?"

Kamene alimtazama yule mtoto mgongoni. Alikuwa amekuja na ukweli, akadhani ukweli unatosha kujaza kikombe.

"Sijui," alisema mwishowe. "Dada yangu, sijui. Lakini yale mayai mnayouza asubuhi ili mnunue hizi, hayo mpeni mtoto. Na maharagwe. Msiuze maharagwe. Mvulana wa kijijini kwenu amezikwa Thika juzi, na tumbo lake lilikuwa limejaa biskuti."

Yule mwanamke alisimama. Alifungua leso, akatoa pakiti aliyokuwa ameshanunua, akairusha kwenye gari kwa nguvu zake zote. Iligonga tarumbeta, biskuti zikamwagika juu ya paa. Nyingine ikafuata, kisha zikawa nyingi. Hawakupiga kelele za kushangilia. Walirusha kimya, meno yameumana, na Zacharia akateremka akijikinga uso kwa kofia. Vipande vya njano vilitapakaa kwenye matope pamoja na maganda ya viazi. Filimbi ya askari ikalia.

Walimchukua Kamene peke yake. Kwenye kambi ya wafungwa walimuuliza swali moja, tena na tena: "Nani amekutuma?" Aliwaambia amekuja kwa sababu ya biskuti. Walimpiga wakisema anawadanganya, ametumwa na waasi. Mkusanyiko bila kibali, wanawake wanarusha vitu, na huyu anasema ni habari ya biskuti! Alifyeka nyasi za kambi kwa majuma kadhaa pamoja na wafungwa wengine, na alipotoka, mgongo umejaa alama, kiwandani walikuwa wamekwisha kumfuta. Bwana Hollis hakutaka hata kumwona. Alirudishwa kutoka langoni pale pale waliporudishwa wauza mayai.

Nyawira alimngojea Thika, safari hii akiwa na ruhusa. Njambi alikuwa mgongoni, nywele mpya nyeusi zimeanza kuota chini ya zile za kutu. Wale wawili hawakuombana radhi. Nyawira alimwona anavyotembea ameinama, akampokea kifurushi chake, akasema, "Twende ukale." Katika kijiji kile watu waliacha kununua. Mayai yakawa yanafichwa kwa ajili ya watoto, na bibi wasiokwenda handakini wakakubaliana kupika maharagwe kwenye sufuria moja kwa watoto wa nyumba zote zilizo karibu. Hata hivyo watoto wawili wengine walizikwa kabla ya mvua. Gari la njano halikuacha kuzunguka. Lilibadilisha njia tu, likaelekea vijiji vya mbali, ambako hakuna aliyesikia habari za soko la Ruiru.

Kamene alirudi Ngoliba, akalima, akafuga. Miaka michache baadaye, amri za Hatari zikiwa zimelegea, alikwenda Thika kwenye arusi ya mpwa wake. Nje ya kanisa mtu alimwita jina. Alikuwa Zacharia. Alikuwa amezeeka, koti lile jeusi limemzidi mwili.

"Mama Kilonzo," alisema, akinyoosha mkono. "Habari ya siku nyingi. Nimekuwa nikitaka tuonane. Ulikuwa wakati mbaya kwetu sote. Na mimi nilikuwa na watoto wa kulisha."

Kamene aliutazama mkono ule.

"Uliwalisha nini?"

"Namna gani?"

"Watoto wako, Zacharia. Wakati ule ukiwa juu ya gari. Walikuwa wanakula nini asubuhi?"

Zacharia alitazama mlango wa kanisa. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wakiwapita pande zote mbili, wengine wakimsalimu mzee kwa heshima.

"Uji," alisema. "Uji wa maziwa. Na yai, likipatikana."

"Na Kifaranga?"

Alitikisa kichwa.

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Kamene aliurekebisha mtandio wake, akampita, akaenda kuwasaidia wanawake wengine kubeba sufuria za arusi.